Kumfuata mjumbe: mwongozo kamili wa kusoma upofu wa viongozi katika fasihi

Katika kazi kubwa za fasihi zinazomhusu kiongozi asiyeona mambo, habari haikosekani. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kikundi cha wasomaji kinapaswa kulishika kabla ya kufungua ukurasa wowote, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kwamba upofu wa mfalme ni ujinga wake, na kwamba akili ilipomjia macho yakafumbuka. Ukisoma kwa makini utakuta mambo hayakwenda hivyo: mjumbe alifika, barua ililetwa, mke aliota, mtoto alisema, mtabiri aliitwa akaja, kisha kiongozi akaamua la kumfanya kila mmoja wao. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kusoma kazi za aina hiyo kwa kumfuata mjumbe badala ya kumkodolea macho mfalme. Umekusudiwa vikundi vidogo vya wasomaji hapa Tanga, walimu wa fasihi wa kidato cha tano na cha sita, na yeyote mwenye baraza na watu watano au sita walio tayari kusoma pamoja.

Hatua ya kwanza: chagueni kazi mbili, moja ya hapa na moja ya mbali

Anzeni na Kusadikika ya Shaaban Robert, na sababu si kuupendelea mji. Ni kweli kwamba mwandishi alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na kwamba msomaji wa hapa atayatambua mengi katika Kiswahili chake. Lakini sababu yenyewe ni kuwa kitabu hiki, kilichochapishwa 1951, kimejengwa chote juu ya swali la wajumbe. Karama, raia wa nchi iliyo angani, ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya uanasheria. Anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja kati ya sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja wao alirudi na habari njema, na kila mmoja akatupwa gerezani. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kinachomwekea msomaji ramani ya jambo hili waziwazi kiasi hicho.

Kwa kazi ya mbali, tamthilia ndiyo bora kuliko riwaya, kwa kuwa inasomeka kwa sauti na kila mtu hupata sehemu yake. Mfalme Oedipus ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, ilitafsiriwa na Samuel Mushi kwa jina la Mfalme Edipode, 1971. Julius Caesar ya Shakespeare ilitafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Toleo la kwanza lilitoka 1963, na lile lililosahihishwa, lenye jina la Juliasi Kaizari, likatoka 1969. Walio tayari kusoma kwa Kiingereza wanaweza kuongeza King Lear, nayo ya Shakespeare, na Antigone ya Sophocles ambayo ni fupi. Nakala za matoleo haya ya zamani ni adimu, kwa hiyo ulizeni kwanza maktaba ya mkoa na makabati ya walimu wastaafu. Nakala moja inayozungushwa barazani inatosha. Kusubiri mpaka kila mtu apate yake ni njia ya uhakika ya kutosoma kabisa.

Hatua ya pili: someni kwa sauti mara moja bila kuandika

Gawaneni sehemu, someni mpaka mwisho, na msisimame kubishana. Anayetaka kufafanua neno alifafanue kwa sentensi moja tu. Kikao cha namna hii hakihitaji maelezo zaidi.

Hatua ya tatu: fungueni daftari la habari

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na kikundi kisione haya kutumia vikao viwili. Chukueni daftari la kawaida la dukani, mchore safu nne: nani alileta habari, alisema nini hasa, kiongozi alijibu nini, na mjumbe alifanywa nini. Acheni nafasi pembeni ya kuandika ni nani mwingine alikuwapo akasikia. Kila habari inapomfikia kiongozi, jazeni mstari mmoja pamoja na namba ya ukurasa.

Tuchukue Mfalme Oedipus. Mji wa Thebes umeshikwa na tauni, na Oedipus amemtuma shemeji yake Creon kwenye hekalu la Delphi. Creon anaporudi anauliza kama aseme mbele ya watu au waingie ndani. Oedipus anamtaka aseme palepale, wote wasikie. Huo ndio mstari wa kwanza wa daftari. Msomaji mwenye haraka huuruka, lakini bila huo hatuwezi kumtendea haki mfalme huyu, kwa kuwa anaanza akiwa kiongozi asiyetaka siri. Habari yenyewe ni kwamba tauni haitaondoka mpaka muuaji wa Laius, mfalme aliyetangulia, aondolewe mjini.

Mstari wa pili ni Tiresias, mtabiri asiyeona, anayekuja akiongozwa na mtoto. Hataki kusema, anaomba arudishwe nyumbani. Oedipus anamsihi, kisha anamkaripia, kisha anamshutumu kwamba alishiriki katika mauaji hayo, na ni shutuma hiyo inayomtoa mzee kauli kwamba muuaji ni Oedipus mwenyewe. Majibu ya mfalme yasomwe polepole. Hamuulizi mtabiri ana ushahidi gani. Anauliza kama maneno hayo ni yake au yametungwa na Creon, na kuanzia hapo mjadala mzima unageuka kuwa wa njama ya kumnyang'anya kiti. Katika safu ya tatu andikeni hivyohivyo: aliuliza nani amekutuma. Mkishaliandika mara moja, mtalikuta tena katika kurasa nyingine, kwani ndilo jibu linalotumiwa zaidi na viongozi wa fasihi wanapoletewa neno wasilolipenda.

Mistari inayofuata ni ya ajabu zaidi. Jocasta, mkewe, anataka kumtuliza. Anamwambia utabiri si wa kuaminiwa, kwa kuwa Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe ilhali aliuawa na wanyang'anyi mahali zinapokutana barabara tatu. Neno la barabara tatu ndilo linalomchoma Oedipus, na mara anaanza kuuliza kama hakimu: ilikuwa wapi, lini, mzee mwenyewe alikuwa wa sura gani, alikuwa na watu wangapi. Habari iliyoletwa kwa ajili ya kumpumbaza ndiyo iliyomwamsha. Baadaye mjumbe kutoka Corinth analeta kile anachodhani ni habari njema, kwamba Polybus, mfalme aliyemlea Oedipus, amefariki na kwamba Oedipus hakuwa mwanawe wa kumzaa. Jocasta anaelewa kabla ya mumewe kwamba mume huyo ni mwanawe mwenyewe, na kumsihi asiendelee kuuliza. Oedipus anadhani mkewe anaogopa aibu ya kuolewa na mtu wa nasaba duni. Mwishoni analetwa mchungaji mzee, naye, kama Tiresias, hataki kusema, mpaka mikono yake inafungwa nyuma.

Mkilitazama daftari baada ya mistari hii, maelezo ya shuleni kwamba Oedipus hakutaka kuujua ukweli yanavunjika. Aliutaka kuliko mtu yeyote jukwaani, na aliendelea kuuliza hata alipojua kwamba jibu litamwangamiza. Upofu wake ulikuwa wa mwelekeo: alimtafuta mkosaji nje, miongoni mwa wengine, na kila aliyemwelekeza ndani akamwona adui. Daftari litaonyesha pia kwamba kuna anayeona na kutaka kufunika, naye ni Jocasta. Msimwache nje ya mjadala kwa sababu tu si yeye mtawala.

Hatua ya nne: ulizeni upofu huu ni wa aina gani

Kuna methali ambayo lazima mtu ataitoa hapa: sikio la kufa halisikii dawa. Ni methali nzuri, ila hapa inazima mjadala, kwa maana ukishasema hivyo huna haja ya kuuliza dawa ililetwa na nani, ilinyweshwaje na kwa nini ilitemwa. Mwenyekiti wa kikao aikaribishe, acheke na wenzake, kisha arudi kwenye daftari.

Upofu wa Lear unatokana na kupenda sifa. Mfalme huyu mzee anataka kugawa nchi kwa binti zake watatu, na anawataka washindane kutamka jinsi wanavyompenda. Wawili wanamwaga maneno. Cordelia, mdogo wao, anakataa kupamba. Kent, mtumishi mwaminifu, anamsihi mfalme atazame vizuri zaidi. Katika onyesho hilohilo moja Cordelia anakataliwa na Kent anafukuzwa nchini. Wajumbe wawili wa kweli wanaondolewa kwa mkupuo, na wanaobaki ni wale wawili waliosifu.

Sambamba na Lear yuko Gloucester, mtu mkubwa aliyedanganywa kwa barua. Mwanawe wa nje, Edmund, anajifanya kuificha barua, na kadiri anavyoificha ndivyo baba anavyozidi kuitaka. Gloucester anaamini karatasi kuliko mwenendo wa mtoto wake mwingine aliyemlea. Baadaye anang'olewa macho, na papo hapo anapomwita Edmund amwokoe anaambiwa kwamba ni Edmund huyohuyo aliyemsaliti. Walimu wengi hulimaliza jambo hapa kwa kusema kwamba alipopoteza macho ndipo alipoona. Kauli hiyo ina ukweli, lakini daftari linadai swali moja zaidi: nani alimwambia? Ni Regan, mmoja wa binti wawili waliomsifu Lear na sasa adui yake, na alimwambia kwa ukatili. Huyu ni kiongozi aliyefikishwa mahali ambapo ukweli unamjia kutoka kinywa cha mtesi, baada ya vinywa vingine vyote kuzibwa au kukimbizwa.

Katika onyesho hilo yumo pia mtumishi asiyetajwa jina, anayechomoa upanga dhidi ya bwana wake mwenyewe ili kuuzuia unyama huo, akamjeruhi, naye akauawa. Bwana mmoja aliyestaafu kazi katika shamba la mkonge aliuliza barazani kwetu, hapa Ngamiani: "Mwalimu, na huyu mtumishi, safu ya nne tumwandikie nini?" Tuliandika "aliuawa", tukaongeza pembeni kwamba bwana wake naye alikufa kwa jeraha lile. Tangu hapo daftari letu halimwachi nje mjumbe asiye na jina.

Kwa Kaizari mambo ni ya hila zaidi, kwa kuwa upofu wake umevaa kanzu ya wema. Artemidorus anampa barua yenye majina ya waliokula njama, anamwomba aisome kwanza kwa sababu inamhusu yeye mwenyewe, naye anajibu kwamba jambo linalomhusu yeye litashughulikiwa mwisho. Kwa nje ni jibu la mtu asiyejipendelea. Kabla ya hapo mkewe Calpurnia ameota sanamu ya mumewe ikibubujika damu, na Kaizari amekubali kubaki nyumbani, mpaka anapokuja Decius, mmoja wa waliokula njama, na kuifasiri ndoto upya: damu hiyo ni uhai ambao Roma itaunyonya kutoka kwake. Anaongeza kwamba baraza limekusudia kumpa taji siku hiyo, na kwamba watu watamcheka wakisikia amezuiwa na ndoto ya mke. Hapa pana wajumbe wawili walioleta ndoto moja, na aliyeshinda ni yule mwenye masimulizi matamu. Yako pia maneno machache ambayo msomaji hupita bila kuyaona: Kaizari anatangaza kwamba haogopi mtu, na mara hiyohiyo anamwambia Antony apite upande wake wa kulia kwa kuwa sikio la kushoto halisikii. Shakespeare hakuongeza maelezo, nasi tusiongeze mengi.

Brutus, rafiki wa Kaizari anayeshawishiwa na Cassius kuingia katika njama, naye asisahaulike. Cassius anamuuliza kama anaweza kuuona uso wake, Brutus anajibu kwamba jicho haliwezi kujiona lenyewe ila kwa kuakisiwa na kitu kingine, kisha Cassius anajitolea kuwa kioo chake. Waswahili tumelisema jambo hilo kwa ufupi, kwamba nyani haoni kundule, lakini methali yetu inaishia kwa nyani. Tamthilia inaendelea mbele na kuuliza aliyeshika kioo ana haja gani.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969 na inayotumia historia ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, inageuza mpangilio wote huu. Kinjeketile anazinduka na kuelezwa na wenzake maneno aliyoyatamka alipokuwa hajitambui. Anaposikia kwamba alisema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, anashtuka, kwa kuwa anaona hapo bwana mmoja akiondolewa ili aletwe mwingine. Kiongozi ameona, ila neno lake limeshawashika watu na hawako tayari kulitilia shaka. Kikundi kilichozoea daftari kitalazimika kujaza safu kinyume: mleta habari ni kiongozi, na wanaoikataa ni wafuasi.

Hatua ya tano: pimeni saa ya kufumbuka macho

Kutambua kosa si tukio moja. Kuna kutambua, kuna kukiri, kuna kutenda, na kati ya hatua hizo fasihi huweka nafasi ambayo ndani yake watu hufa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Creon katika Antigone, ambaye sasa ndiye mfalme wa Thebes. Amepiga marufuku maiti ya Polyneices isizikwe. Antigone, dada wa marehemu, ameizika, naye amehukumiwa kufungiwa pangoni akiwa hai. Mwanawe Creon, Haemon, mchumba wa Antigone, anamwambia baba yake jambo ambalo kila kikundi kinapaswa kulisoma mara mbili: mtu wa kawaida anautetemekea uso wa mfalme, hivyo hasemi mbele yake lile ambalo mfalme hatafurahi kulisikia, lakini yeye Haemon hulisikia likisemwa gizani, kwamba mji mzima unamlilia binti huyu. Creon anajibu kwa kuuliza kama mtu wa umri wake atafundishwa na kijana, na kama ni mji utakaomwamuru la kuamuru.

Tiresias, mtabiri yuleyule, anakuja kumwonya. Creon anamtuhumu kwamba amenunuliwa kwa fedha. Mzee anatabiri msiba, anaondoka, na hapo ndipo mfalme anapoyumba na kuwauliza wazee wa korasi, yaani kundi linalosema kwa niaba ya raia jukwaani, afanye nini. Wanamjibu kwa mpangilio: nenda ukamtoe binti pangoni, kisha umjengee kaburi yule asiyezikwa. Creon anatii. Lakini mjumbe anapokuja kusimulia yaliyotokea, tunasikia kwamba walianza na maiti: waliiosha, wakaichoma, wakainua tuta la udongo, ndipo wakaenda pangoni. Walimkuta Antigone amejinyonga, na Haemon akajiua mbele ya baba yake. Aliyekufa alishughulikiwa kwanza, na aliye hai akangoja. Linganisheni mpangilio alioambiwa na ule alioufuata, mstari kwa mstari, kabla mtu hajasema neno lolote kuhusu kiburi.

Lear hufumbuka macho kwa namna nyingine. Akiwa kwenye dhoruba, bila paa, anawakumbuka maskini walio uchi na kukiri kwamba alipokuwa mfalme hakuwajali vya kutosha. Ni utambuzi wa kweli, ila umemjia wakati hana tena mamlaka ya kumsaidia yeyote kati yao. Swali la kuuliza hapa ni je, mwandishi anauhesabu utambuzi huo kuwa na faida? Wasomaji hugawanyika, na wagawanyike.

Hatua ya sita: endesheni mjadala

Wakati unaofaa ni baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, pakiwa na kahawa chungu na kashata, watu wasiozidi wanane. Mwenyekiti asiwe mwalimu ikiwa yupo mwingine anayeweza, maana mwalimu akikalia kiti hicho wenzake humngoja aseme jibu. Nusu ya kwanza ya kikao pasitajwe jina la kiongozi yeyote aliye hai. Sheria hii haitokani na woga. Jina moja likitajwa, kitabu hufungwa na siasa ikaanza, na mlichokisoma hakina kazi tena. Nusu ya pili kila mtu aeleze mahali ambapo yeye mwenyewe ana madaraka, hata yakiwa madogo: kamati ya shule, chama cha ushirika, kikundi cha kuweka na kukopa, meza ya ofisini, au nyumbani kwake. Aseme ni nani huwa anamletea habari asiyoipenda, na mara ya mwisho alimjibu nini. Hapo ndipo kikao hupoa na watu kusema polepole.

Jambo moja linahitaji adabu. Oedipus, katika hasira yake, anamtukana Tiresias kwamba ni kipofu wa macho, masikio na akili. Kikundi kisiyarudie matusi hayo kwa njia nyingine kwa kulifanya neno kipofu liwe sawa na mjinga. Katika mkoa wetu huu iko shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto, na barazani kwenu huenda yupo asiyeona anayeijua fasihi kuliko wote. Tamthilia yenyewe imesimama upande wake. Tumieni maneno kama kutozingatia, kukataa kusikia, kujifanya haoni, kila mara inapowezekana.

Hatua ya saba: andikeni

Insha ya fasihi linganishi huharibika inapoanza na orodha ya wafalme na tabia zao, kwamba fulani ana kiburi na fulani ana hasira. Aanzaye na daftari ana kitu cha kulinganisha. Chukueni mistari miwili ya daftari kutoka vitabu viwili, habari ileile kwa aina, na majibu mawili tofauti, kisha elezeni kilichosababisha tofauti hiyo. Kusadikika na Antigone zinafaa sana kwa zoezi hili. Wajumbe sita wa Kusadikika walifungwa, kama Antigone alivyofungiwa. Lakini Karama alisikilizwa mpaka mwisho, akaachiliwa, na wale sita wakafunguliwa. Majivuno alikuwapo muda wote huo, na mashtaka yalikuwa mazito. Haemon hakupata zaidi ya mabishano ya onyesho moja, ingawa alikuwa mtoto wa mfalme na hakuwa ameshtakiwa kwa lolote. Mwanafunzi anayetaka swali la kuandikia aanzie hapo: ni kitu gani kilichokuwapo katika baraza la Kusadikika na ambacho hakikuwapo katika jumba la Creon? Ajibu kwa kurasa za vitabu vyote viwili, na neno kiburi aliweke kando mpaka aya ya mwisho, kama bado atalihitaji.